Chumvi ya Sumeri na Shamba la Mama Yako

Mtaa wa Ziwani, Jumapili, saa tisa alasiri

Nekesa mwanangu,

Umekwenda Kayole kumuaga dada yako, na kwa jinsi ninavyowajua nyinyi wawili, hamtaachana kabla jua halijatua. Kwa hiyo nina nafasi. Nimeondoa kitambaa cha meza, nimekaa upande wa dirisha, nimevaa ile miwani unayosema inanifanya nifanane na karani wa mahakama. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kamba. Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako wa mkononi, chini ya sweta, uikute kesho ukiwa basini.

Sitakuambia ule vizuri, wala uchague marafiki, wala uogope wanaume wenye maneno matamu. Hayo dada zako wameyasema mpaka kuta zimeyashika kwa moyo. Na mambo ya kupika na kufua, wewe ndiye wa kunifundisha mimi, maana ugali wangu unaujua. Nina neno moja tu, nami nimelikwepa miaka minne. Ukipita kwa mama yako kabla ya kufika chuoni, nataka uwe umeshalisoma.

Nivumilie, maana mimi si mwandishi. Miaka ishirini na minne ya kazi ya mitaro nilichoandika ni ripoti: "Bomba limeziba. Bomba limezibuliwa." Nikianza jambo huku nikamalizia kule, ujue ni mkono kukosa mazoea.

Unakwenda kusoma historia. Majirani wananiuliza, "Mzee, hiyo history itamsaidia na nini? Si angesoma uhasibu?" Mimi hucheka tu. Sijawaambia kwamba historia ilishawahi kuingia humu nyumbani ikanikuta uchi, nami nikaifukuza.

Unaikumbuka ile insha. Ulikuwa kidato cha pili. Nilikuwa ndio nimerudi kazini, miguu imo kwenye karai la maji moto, ukaja na daftari ukakaa kwenye kigoda.

"Baba, hii swali imenishinda," ukasema. "Mwalimu anataka tucompare zile civilization za zamani za mabonde ya mito. Eti kwa nini zingine zilikaa sana na zingine zikaisha mapema."

Nikakuuliza mito gani. Ukaitaja: Naili ya Misri, Hidekeli na Frati kule Sumeri, Indus ya upande wa India, na mto wa manjano wa Uchina. Mitatu ya kwanza niliijua kwa Biblia, na mtu akijua nusu ya kitu hujibu yote. Nikakuambia, "Andika hivi: ni wafalme. Farao alikuwa na kiboko, watu wakafanya kazi. Palipokosekana mkubwa, pakaanguka." Mama yako alikuwa akichambua mboga. Kisu chake kilisimama kidogo.

Ukaandika kama nilivyosema. Mwalimu akakurudishia daftari limejaa wino mwekundu, na chini ameandika usome zaidi. Hapo ndipo ulipokwenda maktaba ukaazima kile kitabu kinene chenye jalada la kijani. Laiti ningecheka siku ile nikakubali nimepotoka, mengi yasingetokea.

Lakini ngoja nikurudishe nyuma, maana kitabu kile kilikuja kukuta jambo ambalo nilikuwa nimeshalianza.

Mama yako alilianza shamba lile kabla wewe hujazaliwa. Unajua kipande chenyewe, kule mtoni nyuma ya Pumwani, ardhi ambayo si ya mtu na bado kila mtu ana mpaka wake. Hakuwa na hati wala bomba. Mvua ya Aprili ikija mto ulipanda, ukafunika matuta ya chini siku mbili tatu, kisha ukarudi zake. Sisi wanaume tulimcheka, tukisema Nasimiyu analima samaki. Yeye alingoja tope likauke kiasi, ndipo akapanda. Mwisho wa kila tuta alichimba mfereji mwembamba unaoelekea mtoni. Na kila mwaka alikuwa na upande mmoja aliouacha bila kitu, nyasi zikiota. Ukimuuliza alijibu, "Hiyo imelala. Wacha ilale."

Na pale mtoni kulikuwa na desturi yao wanawake. Anayeanza kulima hanunui miche ya kwanza. Anaiomba kwa mtu mwenye mkono mwepesi, yaani mtu ambaye akichomeka kitu ardhini kinashika. Mtu huyo alikuwa mama yako. Walitoka Majengo, walitoka Shauri Moyo, mmoja alikuja kutoka Kayole kwa miguu na beseni kichwani. Waislamu kwa Wakristo, wote walikuja kwa Mama Nekesa kuombea shamba bahati. Alikuwa akiing'oa miche mmoja mmoja, akaifunga kwa jani la mgomba, akamwambia mtu, "Nenda, na usiseme asante, itakauka." Nilimwona akifanya hivyo mara mia, na sikuwahi kumwambia kwamba nilijivuna.

Kisha ukaja ule mwaka wa kiangazi kirefu. Aprili ilipita mto haukupanda. Nami ni mtu wa maji, Nekesa. Kazini wananiita fundi. Nikaona aibu mke wa fundi kubeba ndoo kutoka mto uliokauka hadi kwenye mawe. Juu ya shamba lilipita bomba kubwa la maji taka, na nilijua mahali pa mfuniko wake kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Kule chini wakulima wengine walikuwa wameanza mchezo wa kuziba bomba ili maji yafurike yamwagike shambani. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa na wakubwa kwenda kuwazibulia na kuwakaripia. Mganga hajigangi. Asubuhi moja ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, niliinua mfuniko nikashusha gunia la mchanga.

Maji yakaja. Yakaja usiku na mchana, kiangazi na masika. Na kwa kuwa nilikuwa fundi, niliona mifereji ya mama yako inapoteza maji bure kuyarudisha mtoni, nikaifukia yote kwa koleo. Ule upande uliolala nao nikauamsha.

Mwaka wa kwanza, ee, ungeona! Unakumbuka mwenyewe. Jani moja la sukuma wiki lilitosha kufunika sufuria. Watu walisimama njiani kutazama. Nilikuwa nikipita pale baada ya kazi na sare yangu, mikono nyuma, kama bwana shamba.

Mwaka wa pili maharagwe yalikauka kando za majani, yakafa. Tukasema ni wadudu. Halafu sukuma ikadumaa, ikawa ya manjano. Spinachi ikaendelea kidogo, nayo ikachoka. Na juu ya udongo, jua likiwaka, palitanda kitu cheupe kama magadi yale mama yako anayotia kwenye kunde ziive upesi.

Akaniambia, na alinena kwa upole, "Baba Nekesa, hii ardhi imeshiba. Nifungulie mifereji yangu. Hata kama maji itapungua, wacha itoke."

Nikamwambia, "Wewe unanifundisha mimi maji?"

Akarudia baada ya wiki. "Basi iache ipumzike mwaka mmoja tu."

Nikamjibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kushiba kwa kupumzisha shamba. Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Aliinua jembe lake akaingia ndani.

Ndipo wewe ukaleta kitabu. Tulikuwa tunakula. Ulikuwa na furaha, Nekesa, hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka. Ulikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani na anakimbia nacho nyumbani. Ukakifungua katikati ya sahani, ukawa unasoma kwa Kiingereza na kututafsiria. Ukasema watu wa Sumeri hawakushindwa kwa sababu ya wafalme. Walikuwa na wafalme tele. Walichimba mifereji ya kuingiza maji mashambani mwaka mzima, na maji hayakuwa na njia nzuri ya kutoka. Yakakauka juu, yakaacha chumvi. Ngano ikakataa, wakapanda shayiri kwa sababu shayiri inavumilia. Mwisho hata shayiri ikakataa, ardhi ikawa nyeupe. Lakini Misri, ukasema, Naili ilikuwa ikipanda mara moja kwa mwaka, inafunika shamba, inaleta tope jipya, inarudi, na inaondoka na chumvi yake.

Kisha ukainua kichwa ukasema, "Baba! Si hii ni shamba ya mama?"

Mama yako akasema haraka, "Nyamaza, Nekesa. Kula."

Nami nikakichukua kitabu mkononi mwako. Nikasema, "Kitabu hiki hakijawahi kushika jembe." Kesho yake nikakirudisha maktaba mwenyewe, na nikakukataza kuazima kingine mpaka nitakapokuambia. Sikukuambia kamwe. Mwaka ule wote ulisoma historia kwa madaftari ya wenzako. Kwamba leo unakwenda kuisomea chuo kikuu ni kwa ukaidi wako, si kwa msaada wangu. Tangu siku ile hujaniuliza swali hata moja. Unaniambia habari, unanijulia hali, unaniwekea chakula. Swali, hapana. Nilipokuwa mjinga nililiita jambo hilo heshima.

Wiki chache baadaye nikapita shambani nikawakuta wanawake wamesimama wakitazama ule weupe. Bi Halima wa Majengo, yule jirani yetu wa mpakani, akaniuliza, "Baba Nekesa, shamba hili limepatwa na nini? Nyinyi si ndio mliokuwa mkilisha mtaa?"

Mama yako alikuwa hapo, ameinama anang'oa mashina makavu. Wote walikuwa wakimsikiliza fundi. Ningeweza kusema sijui. Nikacheka, nikasema, "Muulizeni mwenye mkono. Labda umekuwa mzito."

Ni neno la mzaha, utasema. Mtu wa mbali hataona ubaya wake. Lakini wewe umekulia pale, unajua neno hilo kwa mwanamke ambaye watu humwendea kuomba miche ni kama kumwambia mkunga kwamba watoto humfia mikononi. Halikuchukua mwezi. Aliyekuwa akija na beseni hakuja tena. Msimu wa kuotesha ulipofika, kitalu chake cha hapa uani kilijaa miche ikarefuka ikapindana, hakuna wa kuichukua. Niliona kwa macho yangu, nikala chakula changu nikalala.

Desemba akasema anakwenda nyumbani Bungoma kumtazama mama yake anayeumwa. Bibi yako alipona kabla ya Pasaka. Mama yako hakurudi. Hatukugombana, hakuna aliyemfukuza, nguo zake nyingine ziko kwenye kabati hadi leo. Watu wakiniuliza nasema anashughulikia shamba la nyumbani, na si uongo, anashughulikia.

Mwaka uliofuata mimi mwenyewe nilikwenda maktaba. Usicheke. Msichana wa pale aliniuliza kama nimekuja kuzibua choo. Nikaomba kile kitabu cha kijani. Nilikisoma miezi mitano, na kamusi pembeni, ukurasa mmoja jioni, mara nyingine nusu. Wewe ulidhani nasoma vitabu vya kazi, nami nikakuacha udhani hivyo.

Nikuambie nilichokiona, kwa jicho la mtu wa mitaro, halafu chuoni watakusahihisha.

Watu wa Sumeri hawakuwa wajinga. Hilo ndilo lililonishtua kwanza. Ndio waliokuwa mafundi kuliko wote. Mto wao ulifurika wakati mbaya, mazao yakiwa karibu kuvunwa, kwa hiyo ilibidi waufunge, waugeuze, wauamrishe. Wakaweza. Na kwa kuwa waliweza, hawakujua kuacha. Kitabu kinasema walijua kwamba shamba likipumzishwa linapona, lakini watu walikuwa wengi, na wakubwa walitaka nafaka kila msimu. Nikisoma hapo nilikuwa nafunga kitabu natoka nje kidogo.

Wamisri nao hawakuwa na akili kuliko wenzao. Walikuwa na mto wenye akili, basi. Ulikuja kwa wakati, ukatoka kwa wakati, na jangwa pande mbili likawazuia maadui. Walidumu miaka mingi mno kwa bahati waliyojua kuiheshimu. Na nikuambie jambo la kuchekesha: mto wetu wa Nzoia, wa kule nyumbani, unaingia ziwa kubwa, na ziwa linaingia Naili. Kwa hiyo kuna kidogo cha Bungoma katika zile piramidi, na hakuna mwalimu aliyeniambia.

Watu wa Indus ndio niliowapenda. Mwanangu, walikuwa na mitaro! Mitaro ya matofali, imefunikwa, kila nyumba na njia yake ya maji machafu, na mashimo ya kukagulia. Ningefanya kazi huko bila mshahara. Nikajisemea, hawa basi watakuwa wamedumu, maana walijua kutoa maji. Hawakudumu. Mito ikahama, mvua ikapungua, na watu wakaondoka kidogo kidogo kuelekea mashariki. Hakuna anayejua vizuri. Kitabu kinasema hakukuwa na dalili kubwa ya vita. Nyumba ilibaki, mtaro ulibaki, mwenye nyumba hayupo. Nilipofika hapo nilimfikiria mama yako, na nililia, hapa hapa kwenye meza hii, mzee mzima.

Kwa hiyo usije ukaandika kwamba jibu ni mitaro. Nilitaka sana liwe hilo. Wachina mto wao ulivunja kingo mara ngapi, ukaua watu, ukahama njia, na watu wakarudi kulima pale pale, wakiandika kwa herufi za babu zao. Hapo sina maelezo. Labda waliodumu ni wale waliokuwa na kitu cha kurudia. Wewe utanieleza.

Lakini Sumeri naielewa kuliko profesa yeyote atakayekufundisha. Maji yale niliyoyaleta yalikuwa na sabuni na mikojo na chumvi ya kila jiko la mtaa. Kila siku yaliacha kidogo, kidogo ambacho huwezi kukiona. Na nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Neno nililomjibu mama yako kuhusu maji halikuwa kubwa. La kupumzisha shamba halikuwa kubwa. Hakuna hata siku moja niliyolifungulia njia litoke kwa kusema, "Nasimiyu, nimekosa." Kwetu mwanamume husubiri tu mambo yapoe. Nilisubiri.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Jana, Jumamosi, nilikwenda mtoni. Nilikuwa nimejiapiza kwamba huondoki kabla sijasafisha jina la mama yako mahali nilipolichafulia. Niliwakuta Bi Halima na wenzake watano au sita wakipalilia. Nikavua kofia. Nikawaambia wazi: shamba la Mama Nekesa nililiua mimi, niliziba bomba, nilifukia mifereji, na mkono wake haukuwa na lolote.

Walitazamana. Nilitegemea watanitukana. Bi Halima akajifuta mikono kwenye leso, akasema, "Baba, ulidhani sisi hatuna pua? Yale maji yalikuwa yakinuka mpaka msikitini."

"Mlijua?"

"Tulijua tangu siku ya kwanza. Hata watoto walijua. Siku ile nilikuuliza ili useme mwenyewe."

Nikauliza, basi kwa nini waliacha kuchukua miche kwake. Bi Halima akaweka jembe chini. Kisha akanikalisha kwenye tuta akanieleza, na ninakuandikia kama alivyosema.

Unakumbuka mwaka ule watu walikuwa wakipunguzwa kazi kila idara. Baada ya lile neno langu la mkono, walikuja maofisa wawili kuchunguza mabomba yanayozibwa, wakaliona shamba limekufa na kuwa jeupe. Mimi nilikuwa nimetumwa kazi upande mwingine wa mji. Mama yako alikuwa ameambiwa asubuhi kwamba wapo njiani. Akainua mfuniko pamoja na Bi Halima, akalala kifudifudi, akaingiza mkono mle ndani hadi begani, akalivuta gunia langu akalitupa mtoni. Mimi miaka yote nilidhani limesombwa na mvua. Akanawa, akawangoja. Walipomuuliza ni maji gani yaliyoua shamba, akasema, "Hakuna maji. Ni mkono wangu ndio mbaya. Hata bwanangu anasema."

Wakacheka, wakaandika, wakaenda.

Halafu akawaomba wenzake wasichukue miche kwake tena. "Alituambia," Bi Halima alisema, "wakirudi wakikuta miche yangu imestawi kwenu, watajua nilidanganya. Baba Nekesa atafutwa, na mtoto atatoka shuleni. Wacheni niwe na mkono mzito. Nekesa amalize."

Yeye ndiye aliyewafukuza. Neno langu la upuuzi alilichukua akaliezekea nyumba, sisi tukaishi chini yake. Ulisoma kidato cha tatu na cha nne chini yake. Nami kazi ninayo hadi leo, na wananiita fundi.

"Sasa mbona hakurudi mtoto alipomaliza?" nikauliza.

Bi Halima alinitazama kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko tusi. "Arudi kwa nani, baba? Kuna aliyemwita?"

Nekesa, nilikuwa nimepanga kukupa ujumbe. Nilitaka ufike Bungoma umwambie mama yako kwamba baba anazeeka, nyumba imepoa, mambo yaliyopita yamepita. Nilitaka unisemee, kama kawaida ya wanaume kutuma watoto. Usiseme lolote. Usinitetee, wala usimsomee barua hii. Likizo yangu inaanza Ijumaa, na Jumamosi nitafika mwenyewe. Nimekuachia siku tano za kunikasirikia bila mimi kuwa mbele yako.

Sitamwomba arudi. Nitasema nilichofanya, mbele yake, mbele ya kaka zake na mama yake, nisimame mpaka nimalize. Akiniambia niende, nitakwenda.

Na kuna moja ambalo Bi Halima halijui, na mama yako sidhani kama analijua. Hili ni lako kwanza, kwa sababu ni wewe niliyekudhulumu kwalo.

Ile jioni uliposoma kitabu, ukasema hii ni shamba ya mama, sikukasirika kwa kuwa ulikosea. Alfajiri yake, kabla ya kwenda maktaba, nilipitia mtoni na kitabu kikiwa kwapani. Nikachota udongo ule mweupe kwa kidole nikautia mdomoni. Ulikuwa chumvi. Nilitema, nikapangusa mdomo, nikakwenda nikakirudisha kitabu. Wiki chache baadaye nikasimama mbele ya wanawake wale nikasema ni mkono wake.

Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba baba yako hakujua. Nilijua, mwanangu. Ulikuwa umeniambia.

Ni mimi,
Baba yako